Dada, Mgomba Ulitembea

Mpendwa dada Skola,

Sijui barua hii niielekeze wapi. Zamani ningesema nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, mkabala na jiko la Mama, na hata mgeni angefika. Leo siwezi kusema hivyo. Nimekaa nyuma ya cherehani yangu hapa sokoni Kasulu, mvua imefukuza wateja, na badala ya kushona sare za watu nimechukua karatasi. Usinicheke. Najua ulivyokuwa ukinicheka nilipoandika herufi zikitazama nyuma.

Nianze na mazuri, maana hukupenda mtu anayeingia nyumbani na msiba mdomoni kabla hajasalimia. Mwakeye, dada.

Unaikumbuka Gasenyi yetu? Ukitoka mjini ulikuwa unashuka kilima, unapita mashamba ya mihogo, unavuka kijito juu ya magogo mawili, halafu njia inakwisha. Pale njia ilipokwishia ndipo kwetu palipoanzia. Nyumba zilikuwa chache na kila moja imejificha ndani ya migomba yake, hata ukitaka kujua kama jirani yupo ilibidi utazame moshi. Duka hapakuwa. Chumvi ikiisha tulikwenda kwa Mama Ezekieli, na yake ikiisha naye alikuja kwetu. Watu wa mjini walipataja kwetu kwa kuinua kidevu tu, kama mtu anayeonyesha porini. Mtoto akichelewa shule akasema ametoka Gasenyi, walimu walimsamehe, wakamwonea na huruma.

Sisi wenyewe hatukujua kama tunahurumiwa. Tulikuwa na kile kipande cha mchanga pale kijito kilipopinda, mchanga safi, wa moto mchana. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa mama wa Tanga, serikali imemleta huku kwenye baridi, kila siku amevaa sweta mbili na kulalamika juu yake. Jumamosi moja alikuja kumsalimia Mama akatukuta tumelala pale, miguu tumeifukia, matumbo juu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe na nyie mna pwani yenu!"

Ukamuuliza pwani ni nini. Akakaa nasi akatueleza habari za maji yasiyo na ng'ambo. Ulimsikiliza mdomo wazi, halafu kwa heshima zako zote ukamwambia, "Sasa Mwalimu, maji yasiyo na ng'ambo, mtu anayavuka akatafute nini?" Tangu siku hiyo mchanga wetu ukaitwa Pwani, na wewe ndiye uliyelisambaza jina hilo shule nzima, kwa kuwa ulikuwa huwezi kukaa na neno jipya peke yako.

Leo Gasenyi yote inaitwa Pwani. Bodaboda wanapaita hivyo, na kuna baa ya Pwani, na saluni ya Pwani. Juzi kijana aliyenibeba alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba zamani Ziwa Tanganyika lilikuwa linafika mpaka pale. Nikamwambia, "Ehe?" Ningemwambia nini? Nilishuka nikamlipa.

Tulipochoka na mchanga tulipanda kilima na mashina ya migomba yaliyopasuliwa, tukakaa juu yake, wewe mbele mimi nyuma nimekushika kiuno, tukateleza mpaka chini. Gauni langu la Jumapili lilipata rangi ya udongo ambayo haikutoka mpaka liliponibana. Mama alitupiga wote wawili. Wewe ulilia kwa sauti kubwa kabla fimbo haijafika, na kweli alikupiga kidogo kuliko mimi. Mpaka leo naona hukunitendea haki.

Na Baba na migomba yake. Wenzake walikuwa na mbuzi, wengine baiskeli, yeye alikuwa na migomba, na alituingiza shambani kama watu wanavyoingiza watoto wao kanisani. Somo lake lilikuwa moja. Kwenye kila shina acha mama, mtoto na mjukuu; machipukizi mengine toa. Na mtoto umchague upande wa macheo, ili shamba lote litembee pamoja.

"Baba, mgomba unatembea?" ukamuuliza.

"Ego, ndiyo. Mama anaanguka hapa, mtoto anasimama pale mbele kidogo, mjukuu mbele yake. Ukirudi baada ya miaka, mgomba hauko pale ulipoupanda. Unatembea polepole ili usiuone. Mgomba hauna haraka, ni kama mkimbizi mzee."

Alicheka mwenyewe. Utani wa ukimbizi aliuruhusu kwake tu. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, na walipofika huku yeye na Mama walikuwa na mkeka mmoja na jina la kilima chao. Wazazi wake walibaki ardhini upande ule, na hakuna mtu wa kuwapalilia. Sisi tulizaliwa hapa, tukasema Kiha cha hapa, lakini watoto wakikosana nasi neno lilikuwa tayari. Hata Mama Ezekieli, siku mbuzi wake walipokula maharage yetu na Mama akasema, alisimama kwenye ua wa minyaa akapaza sauti, "Kama mnaona taabu, rudini kwenu!" Unakumbuka Baba alivyoingia ndani akakaa kitandani na viatu? Ulimpelekea maji. Hakuyanywa.

Sasa dada, nifike kule ambako sitaki kufika.

Ilikuwa masika. Ulirudi shule ukasema kichwa, jioni ukawa unatetemeka, na asubuhi ulikuwa unamwita bibi ambaye hatujawahi kumwona. Baba na wanaume wa jirani wakafunga miti miwili na blanketi, wakakubeba kuelekea hospitali. Mimi nilikimbia nyuma nimeshika viatu vyako, maana nilifikiri ukipona utavihitaji kurudia. Tulipofika kijitoni magogo hayapo. Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yanasukuma matawi. Njia nyingine haikuwapo, na gari hata lingekuwapo lingepita wapi? Wakakuteremsha mchangani wasubiri maji yapungue. Ukafungua macho ukatazama yale maji muda mrefu.

"Kanyoni," ukaniita, "leo na sisi tuna maji yasiyo na ng'ambo."

Nilicheka, dada. Nilidhani ukitania basi unapona. Maji yalipungua alasiri, lakini hapakuwa tena na mgonjwa wa kuvusha.

Walikuzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama Baba alivyoona kwao. Fundi mmoja alijitolea kutengeneza msalaba na Baba akakataa. Akasema msalaba wa mti utaliwa na mchwa, na saruji hana. Akachukua chipukizi kutoka kwenye mgomba wake bora, akalipanda kichwani pako kwa mikono, bila jembe. "Huu haufi," akasema. "Mama akianguka, mtoto yupo. Nitamjua mwanangu alipo mpaka nami nianguke."

Watu wazima wote walikuwapo, na wote walikuwa wakulima wa migomba. Hakuna aliyemkumbusha somo lake mwenyewe. Pengine walimwonea haya kwa huzuni aliyokuwa nayo, au pengine hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuhitaji kurudi na jembe mahali alipozika mtoto.

Mama Ezekieli alipika siku zote za matanga. Alikuja na sufuria zake, kuni zake na mawese yake, akalala kwenye majani pamoja na Mama. Siku ya kumaliza matanga Baba alisimama mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, maneno yake niliyasikia kama yanashuka kutoka kwenye paa. Alisema mtu ni mgeni mpaka siku anapozika. Akasema, "Sasa tuna mtu ardhini. Sisi ni wa hapa." Na ni kweli, tangu siku ile hakuna aliyetuambia turudi kwetu. Wewe ndiye uliyetupa kwetu, dada. Karatasi za uraia zilikuja baadaye sana, na Baba alizipokea kama mtu anayeletewa habari ya juzi.

Mambo yaliyofuata hukuyaona. Kwanza yalikuja malori ya mchanga. Mjini walikuwa wanajenga, na mtu aligundua kwamba mchanga wetu ni mzuri kwa kupiga lipu. Wakauchota mpaka kijito kikabaki na mawe na matope, kwa hiyo Pwani yetu sasa imo ukutani kwenye nyumba za watu. Halafu vikaja viwanja, kisha nguzo za umeme. Mama Ezekieli aliuza nusu ya shamba lake, akajenga vyumba vya kupangisha. Mama alipofariki, akina mama wa kanisa walitaka alale kwenye makaburi ya kanisa kwa kuwa alikuwa kiongozi wao, na Baba alikubali kwa shingo upande. "Haya, huyo mchukueni," aliwaambia. "Mimi nitalala na Skola. Mtoto hawezi kukaa peke yake miaka yote hiyo."

Halafu ikaja barabara. Ile ambayo ingekuwapo siku ile ya maji, ungevuka umelala kwenye kiti cha nyuma unalalamika kichwa. Nimeifikiria sana na kila nikiifikiria natamani kuvunja kitu. Imechelewa, dada, na ilipofika ikaamua kupita juu yako. Nyumba ya Baba ikachorwa alama nyekundu, na jiko, na migomba yote.

Sitakuchosha na habari za fidia, ulikuwa hupendi mazungumzo ya fedha. Baba hakuuliza juu ya nyumba. Alichosema kwa kila aliyekuja ni kwamba Skola atangulie, mengine yafuate. Tulipata ardhi kidogo kule Nyakitonto kwa shemeji, kaburi likachimbwa huko, na mimi nikakushonea shuka nyeupe. Niliweka lesi pembeni. Najua hukupenda mapambo, lakini umri uliokufa nao wasichana huanza kuyapenda, nikasema labda.

Siku ya kukutoa alikuja afisa afya, kijana mpole, na vibarua na majembe, na Baba amevaa koti lake la harusi za watu. Mama Ezekieli alikuja na fimbo yake. Mgomba ulikuwapo, mkubwa, una mkungu. Baba akauwekea mkono. "Hapa," akasema. Wakachimba, na chini yake palikuwa na udongo mwekundu tu ambao haujawahi kuguswa. Nami sijui hata kwa nini sikushtuka. Nilikuwa nimeutazama ule mgomba miaka yote hiyo kila nikija kusalimia, nikiuombea, nikiuambia habari zangu, na ndipo nilipokumbuka sauti yako ikiuliza, "Baba, mgomba unatembea?"

Nikamvuta kando. "Baba, umetembea. Wewe ulikuwa ukichagua mtoto upande wa macheo. Basi Skola yuko upande wa machweo, turudi nyuma."

Nilivyomwona akisimama wima! Alitoa koti. Akaanza kupima kwa hatua, midomo inahesabu vizazi vya mgomba, mama, mtoto, mjukuu, kama mtu anayetaja ukoo wake mbele ya wazee. Akaonyesha mahali. Kwa muda ule, dada, nilikuwa na hakika nitakuona, na niliogopa, nikafikiri viatu vyako viko wapi.

Wakachimba na hapo hapakuwa na kitu. Wakasogea nyuma zaidi. Hapakuwa na kitu. Ndipo Mama Ezekieli aliposema polepole, "Baba Skola, tangu goti likuume si ulikuwa unaweka vibarua kwenye migomba? Hao walikuwa wanaacha mtoto upande gani?"

Vibarua wanakata wanavyojua, dada, upande ulio rahisi kwa panga. Mgomba wako ulikwenda macheo, halafu ukageuka, ukaenda walikoupeleka.

Mama Ezekieli akajaribu kukumbuka upande wa jiko, lakini jiko lenyewe Mama alilihamisha mara mbili. Wakachimba kila alipoonyesha mtu. Shamba likawa kama limechimbuliwa na nguruwe. Jua lilipoanza kushuka afisa afya akamjia Baba na kofia mkononi.

"Mzee, tumejitahidi. Familia nyingi zikikosa, huchukua udongo kidogo wa mahali hapo, wakauzika."

"Udongo wa wapi?" Baba akamuuliza. Hakumuuliza kwa ubishi. "Nioneshe upande, mwanangu, nichukue."

Yule kijana alitazama chini. Nadhani naye ana dada.

Lakini kule Nyakitonto kaburi lilikuwa wazi, na unajua sisi hatuachi kaburi lililochimbwa likalala tupu, litaita mtu. Mama Ezekieli ndiye aliyesema ukazikwe mgomba, ndivyo wanavyofanya kwa mtu asiyeonekana. Baba akakubali. Akamwambia kibarua aukate ule ule wenye mkungu, akamsisitizia, "Kata juu kabisa ya mizizi. Sitaki uote." Tukalipeleka lile shina, tukalifunga kwa shuka yako, nikafunga lesi mimi mwenyewe, na katekista akasoma. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Tulimzika yule yule aliyetupotosha, dada, kwa heshima zako zote, kwa shuka yako.

Nilimwambia Baba tuchukue walau chipukizi moja tukalipande pale juu. Nilidhani nampa faraja.

"Oya, hapana," akasema. "Utatembea tena."

Barabara imekwisha. Ni nzuri, sitasema uongo. Wagonjwa wa Gasenyi wanafika hospitali kabla chai haijapoa. Baba anaishi nami hapa nyuma ya soko, na kila Jumapili anaomba kwenda Gasenyi. Akifika kwenye daraja la kijito anamsimamisha bodaboda, anashuka, anavua kofia, anatembea kwa miguu pembeni ya lami kofia ikiwa kifuani mpaka kwenye maduka, ndipo anaivaa. Hajui ni wapi hasa, kwa hiyo anaivua kwa urefu wote. Vijana wa bodaboda wamemzoea. Wanamwita Mzee Kofia, na wanadhani anapunga upepo.

Jumapili iliyopita alichoka katikati, akakaa kwenye jiwe la mpaka wa barabara, nami nikakaa karibu naye. Goti linamsumbua, na kifua. Sote wawili tunajua hakuna masika mengi mbele yake. Nikakusanya ujasiri, nikamuuliza jambo ambalo mwana hapaswi kuuliza lakini lazima mtu aulize.

"Baba, siku ikifika, ungependa tukulaze wapi? Nyakitonto? Au kwa Mama, kanisani?"

Nilijua jibu lake la miaka yote. Mtu huyu amewaambia majirani, mapadri na hata wanunuzi wa ndizi atakapolala. Alitazama barabara huku na huku, kama tulivyofundishwa shule kabla ya kuvuka.

"Popote tu, mwanangu, mwana wanje," akasema. "Mgeni hachagui."

Lori lilipita, tukageuza nyuso kwa vumbi, tukasubiri bodaboda.

Mvua imekatika na kuna mteja anapiga hodi, anataka sare ya mtoto wake. Sina cha kukutuliza nacho, wala cha kujituliza. Nilikuwa nikisikia watu wanamalizia maombi ya marehemu kwa kusema "popote ulipo" nikadhani ni maneno ya heshima tu. Mimi nakuandikia kwa kuwa sijui.

Lala, dada, popote ulipo.

Mdogo wako uliyeteleza naye,
Kanyoni